Tableti Mbili ni Mtoto wa Nani?

Siku yangu ya kwanza darasani nilivunja chaki nne kabla sijamaliza kuchora duara moja. Nawaambia mapema, ninyi mnaobaki kazini, msije mkadhani karatasi hizi zimeandikwa na mtu aliyezaliwa anajua. Vyeo sitavitaja. Mishahara nayo tuiache, kila mmoja wenu anaijua na kuitaja hakuiongezi. Nitasema juu ya kazi yenyewe, hasa ile iliyonifanya niitwe mkaidi katika biro tatu tofauti za wakubwa wa elimu wa mji huu wa Kalemie. Sikukanusha hata mara moja.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Ferdinandi, mwalimu wa hisabati aliyekuwa na darasa jirani na langu. Alikuwa mwembamba, shati lake jeupe daima, na alizungumza polepole kama mtu anayepima maneno kwa rula. Alinionyesha jinsi ya kufunga chaki kwenye kompa ya mbao ya kuchorea duara kwa kipande cha mpira wa baiskeli ili isiteleze. Siku moja wakati wa mapumziko aliingia kwangu, akatazama ubao mtupu.

"Watoto wamekosa wapi leo?" aliniuliza.

"Sijui, Papa. Nimeisha kufuta."

"Basi umefuta kazi yako, binti. Jibu zuri la mutoto halikuambii kitu. Kosa lake njo linakuambia anawaza namna gani."

Akatoka. Tangu hapo niliacha makosa ubaoni mpaka nijue yametoka wapi. Wakaguzi waliopita waliona uchafu. Mimi niliona kazi.

Nilifundisha hivyo miaka mingi, hesabu na jiometri, mwaka wa tano na wa sita wa sekondari. Mvua ikipiga mabati nilipiga kelele zaidi ya mvua, na wauza samaki waliokuwa wakipita barabarani walinisalimia kwa kuniigiza: "Pembe! Pembe mraba!" Nilidhani nitamaliza kazi nikiwa na sauti hiyo hiyo na kompa hiyo hiyo.

Kisha Sista Klara akanipigia simu. Tulisoma pamoja tukiwa wasichana. Yeye akaingia utawa, na sasa alikuwa mkuu wa sekondari moja ndogo kule Kirungu, juu katika milima ya Marungu. Mwalimu wake wa hisabati alikuwa ameondoka kwenda kutafuta maisha machimboni, bila kuaga.

"Nina watoto tisa wa mwaka wa sita, Anastazia," aliniambia. "Mitihani ya serikali iko mbele yao. Hesabu njo kozi kubwa ya section yao, mchepuo wao. Bila mwalimu, wakaguzi wa inspeksyo hawatawapokea hata kujiandikisha."

"Tafuta mwalimu."

"Natafuta sasa. Ninaongea naye."

Nilicheka, nikamwambia kutoka Kalemie hadi Moba ni ziwa, na kutoka Moba hadi Kirungu ni mlima, na mimi nina madarasa yangu. Nilikata simu. Sikula vizuri siku ile. Watoto tisa si wengi, lakini mtu akikutajia hesabu yao unaanza kuwaona.

Kwetu shuleni kulikuwa na mwalimu wa informatiki, Metre Kabwe, mtu mzima mpole aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Nilimweleza. Akafungua kompyuta yake akanionyesha ukurasa mweupe.

"Hii ni tablo, Mama. Iko ndani ya mtandao. Wewe unaandika hapa, wao wanaona kule. Wao wanaandika kule, wewe unaona hapa. Wote pamoja, wakati mmoja."

"Na mwisho wake uko wapi?"

"Haina mwisho. Ukijaza hapa, unasogea pembeni."

Nilisogeza. Weupe ukaendelea. Nilikuwa nimetumia maisha yangu yote nikibana pembetatu kwenye ubao uliopasuka katikati, na sasa mtu ananiambia ubao hauna mwisho. Nilimpigia Sista Klara jioni ile ile.

Kirungu walikuwa na tableti tatu ambazo parokia ilipewa zamani, na paneli moja ya jua ya kuzichaji. Watoto tisa, tableti tatu, watatu kwa kila moja. Tulichagua saa nane mchana, Jumatatu na Jumatano, nikitoka kwenye madarasa yangu.

Somo la kwanza lilikuwa fujo tupu. Nilichora pembetatu yangu vizuri, kwa rangi ya bluu, kisha nikawafungulia. Dakika haikupita: mtu alichora samaki, mwingine akaandika jina lake kubwa kuliko ubao, wa tatu akaivuta pembetatu yangu akaipeleka nisikojua. Nilikuwa mwalimu mwenye mvi, nikiitafuta pembetatu yangu katika weupe kama mama aliyepotelewa na mtoto sokoni. Sauti nayo ilikatika kila mara. Nilifunga kompyuta nikamwambia Metre Kabwe kwamba huu ni mchezo wa watoto wa shule ya chekechea.

"Darasa lako la kwanza la chaki lilikuwa namna gani?" aliniuliza.

Nikaifungua tena.

Mambo niliyojifunza wiki zile nawaachia kama yalivyo. Funga mchoro wako kwa kufuli kabla hujawaruhusu kuandika. Ubao una alama yake, itafuteni. Mchoree kila mtoto chumba chake, mraba wenye jina lake juu, aandike humo asivamie jirani. Achaneni na sauti: sauti ndiyo inayokula mega zote za mtandao na kuangusha rezo. Mimi niliwapigia simu ya kawaida dakika tano mwanzoni, Sista Klara akaiweka simu mezani waisikie wote, nikaeleza, nikakata. Baadaye ilikuwa kuandika tu. Umeme wa mji, unaotoka kituo cha Bendera, ukikatika, betri ya kompyuta ilikuwa na saa moja na nusu ndani yake, na saa moja na nusu inatosha somo.

Hivyo mimi, niliyesikika mpaka barabarani, nilijifunza kufundisha kimya. Niligundua kitu kinachonitia haya mpaka leo: nilipokuwa napiga kelele, nilikuwa nawazuia watoto kuwaza. Sasa niliona wakiwaza. Mstari unaanza, unasimama, unafutwa nusu, unarudi. Yote mbele ya macho yangu.

Tatizo lilikuwa moja. Ubao ulinionyesha nani anaandika, lakini ulijua vyombo tu, haukujua watu. Uliandika: Tableti Moja, Tableti Mbili, Tableti Tatu. Na watoto wale, wakiharakishwa na zamu, hawakuandika kila mara katika vyumba vyao. Nikalazimika kuwajua kwa mkono. Waliandika kwa kidole juu ya kioo, mwandiko umepinda kama njia za mlimani kwao, lakini kila mmoja alipinda kwa namna yake. Feza nne yake ilikuwa kiti kilichogeuzwa. Bonifasi alikata saba yake katikati kwa nguvu kama anakata muwa. Sipriani alianza kila tatizo kwa kuchora kimo cha pembetatu, hata pasipokuwa na pembetatu. Masomo yenyewe yalikuwa kwa Kifaransa kama sheria inavyotaka. Makosa tuliyazungumza kwa Kiswahili.

Na kwenye Tableti Mbili palikuwa na mtu aliyefuta.

Kila somo mraba mmoja ulibaki mtupu. Ulikuwa na jina Yustina. Sista Klara aliniambia ni binti wa mkulima wa maharagwe, hasemi, anakaa mwisho. Nilidhani hafanyi kitu. Kisha Metre Kabwe akanionyesha kwamba ubao una kumbukumbu: unaweza kurudisha nyuma somo lote, uone kila kilichoandikwa na kila kilichofutwa. Nikarudisha. Katika mraba ule mtupu palitokea maandishi madogo sana, ikanibidi kuyakuza mara tatu. Alikuwa amekokotoa tatizo zima. Mstari mmoja tu ulikosewa, karibu na mwisho. Kisha kidole kikapita juu yake chote na kuacha weupe. Nikarudisha somo la kabla yake. Vile vile. Na la kabla yake.

Jumatano iliyofuata niliandika pembeni ya mraba wake, kwa bluu: "Usifute. Nimeona."

Kisha herufi ndogo: "Ni mubaya, Madamu."

"Huo ubaya njo ninautaka. Uniachie."

Akaacha. Mstari uliokosewa ukabaki pale, nikauzungushia duara, nikamuuliza umetoka wapi. Alinijibu kwa mistari kumi na miwili. Sijawahi kufurahia kosa la mtu namna ile.

Inspekta wa shule alituita kabla ya robo ya pili ya mwaka wa shule kwisha. Sitamtaja jina, alikuwa mgeni mjini, mtu wa suti, si mtu mbaya. Tuliketi katika biro ya Prefe wetu, mkuu wa shule: yeye, Prefe na mimi. Mbele yake palikuwa na karatasi za pointi za hesabu za watoto wa Kirungu, nilizokuwa nimezitia sahihi.

"Mama, hizi pointi umezipata wapi?"

"Kwa watoto."

"Umewaona?"

"Ninawaona kila Jumatatu na Jumatano."

Nilimfungulia ubao, akatazama rangi zinavyopita. Akaweka kidole juu ya kioo cha kompyuta yangu.

"Hapa imeandikwa Tableti Mbili. Tableti Mbili ni mutoto wa nani, Mama? Nani ananihakikishia si Sista anaandika? Sitaweza kupokea pointi za tableti. Na bila pointi, section ile haina mwalimu, na watoto wale hawatajiandikisha. Usimamishe hiyo kazi mpaka itakapokaguliwa."

"Itakaguliwa lini?"

"Barabara ya kule ni mbaya."

"Basi haitakaguliwa."

Prefe alinikanyaga mguu chini ya meza. Niliuondoa mguu wangu.

"Papa Inspekta," nilisema, "Jumatatu saa nane nitafundisha. Kama unataka kunizuia, njoo na polisi, na uwaeleze watu wa mtaa huu kwamba nimekamatwa kwa kosa la jiometri. Kama unataka kujua Tableti Mbili ni mtoto wa nani, boti ya Moba inaondoka Alhamisi. Mimi nitapanda. Nafasi zipo."

Nilitoka. Na Jumatatu nilifundisha.

Alhamisi nilimkuta bandarini, suti ndani ya mfuko wa plastiki, amevaa jaketi. Hatukusalimiana sana. Ziwa lilikuwa limechafuka, na Inspekta alitapika karibu njia nzima. Sikumcheka, mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya pili. Karibu na Moba alinipa kipande cha tangawizi, nikakitafuna. Tukapanda pikipiki mbili mpaka Kirungu, baridi ikitukata masikio.

Watoto tisa walisimama tulipoingia. Niliwatazama, wakanitazama. Mvulana mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Kumbe ni mufupi!" Nilijibu kwamba nimesikia, wakacheka, lakini mimi nilikuwa karibu kulia. Kwao nilikuwa wino wa bluu. Kwangu walikuwa vidole.

Inspekta hakutaka hadithi. Alisema: "Mama anadai anawajua kwa mwandiko. Tutaona." Akanigeuza nitazame dirishani, nikaona vilima na mashamba ya maharagwe tu. Akawaita mmoja mmoja ubaoni, ubao halisi wa mbao, akawapa kila mmoja tatizo lake kutoka kwenye daftari lake mwenyewe, akawakataza kusema. Nilisikia chaki tu.

Hapo ndipo hofu iliponishika. Chaki si kidole. Mkono unaopinda juu ya kioo unaweza kunyooka juu ya mbao. Nilikuwa nimetamba mbele ya Prefe, nimemvusha mtu ziwa, na huenda nisimjue hata mmoja. Na hapo tisa hawa wanakosa mtihani kwa sababu ya mdomo wangu.

"Geuka, Mama."

Ubao ulikuwa umejaa pande zote. Mwandiko ulikuwa mgeni kabisa. Nilisimama mbele yake muda ambao Sista Klara baadaye aliniambia ulimtosha kusali mafumbo mawili ya rozari. Kisha nikaacha kutazama herufi, nikaanza kutazama namna walivyowaza.

"Huyu ameanza na kimo ambacho hakuna aliyemwomba. Sipriani."

Sipriani akainamisha kichwa, mabega yanacheka.

"Huyu ameruka hatua mbili kwa haraka, akarudi kuzijazia pembeni. Feza. Huyu amehakikisha jibu lake mara mbili. Bonifasi."

"Si mimi, Madamu," alisema Bonifasi kwa upole. Aliyeandika alikuwa Leonsi, aliyekaa karibu naye.

"Nimekosa moja," nilimwambia Inspekta. "Andika."

Aliandika. Niliendelea. Wengine wote niliwapata, mpaka pakabaki kona ya chini kulia, maandishi madogo sana, mtu angedhani chaki ilianguka pale tu. Palikuwa na mstari uliokosewa. Chini yake, kwa mkono ule ule, jibu sahihi limeandikwa upya. Mstari wa kosa haukuguswa.

"Huyu ni Yustina," nilisema.

Inspekta akamtazama msichana aliyekuwa mwisho. "Mutoto, kwa nini haukufuta kosa?"

Yustina alisimama. Niliisikia sauti yake kwa mara ya kwanza. "Madamu anataka kuliona."

"Nani alikufundisha hesabu hizi?"

"Madamu."

"Alikuwa wapi?"

"Kalemie."

"Na wewe?"

"Hapa."

Inspekta alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akaziweka karatasi za pointi juu ya dawati la mbele na kuzipiga sahihi moja moja. Tulipotoka nje aliniambia: "Nimepokea pointi, Mama. Sikuandika kwamba ninapenda mambo haya."

"Usipende, Papa. Andikisha watoto tu."

Wakaandikishwa, wakafanya mtihani. Mwaka ule ule umri wangu wa kustaafu ulifika, nikarudisha ufunguo wa kabati na kompa ya shule. Palikuwa na soda na hotuba. Prefe alisema niliitumikia shule kwa utii, na walimu walinitazama, nikainama kunywa soda.

Matokeo yalitoka nikiwa nyumbani. Kirungu wamefaulu sita. Kwenye simu nilisikia vigelegele, na Feza alikuwa akipiga chafya kwa poda waliyommwagia kichwani, kama tunavyowafanyia waliofaulu. Mnajua furaha ile. Niliipokea yote. Watatu walianguka. Leonsi, Sipriani, na Yustina. Yustina hesabu alizipata, Kifaransa ndicho kilichomwangusha.

Yustina alinipigia baada ya siku nne, kwa simu ya babaye.

"Madamu, nimeshindwa."

"Nimesikia. Tutaanza lini?"

Nilisikia kuku, na mtu anapasua kuni. "Papa anasema inatosha. Anasema niingie shambani. Na wewe umeshapumzika."

"Mpe simu."

Yule mkulima alikuja kwenye simu kwa adabu nyingi. Alinishukuru, akauliza afya yangu, akanishukuru tena. Kisha akasema lake.

"Mama, mutoto amejaribu. Mungu aliona. Na wewe wamekupumzisha, usijisumbue tena na watu wa mlimani."

"Papa Yustina, walionipumzisha hawakuniuliza kama nimechoka."

"Lakini sasa hakuna mutu anakutuma, Mama."

"Ndiyo. Na hakuna anayeweza kunizuia. Asubuhi awe wako, shambani, nimekubali. Jumatatu na Jumatano saa nane awe wangu, mwaka mmoja. Hesabu nitamkazia mimi, Kifaransa Sista Klara. Akianguka tena, nipigie unitukane, sitakata simu."

Wakati nasubiri niligundua kwamba nilikuwa nimesimama wima katikati ya nyumba yangu, mkono kiunoni, kama nilivyosimama darasani miaka yote.

"Mama," alisema mwishowe, "na wale vijana wawili walioanguka naye? Baba zao wako hapa kwangu. Wanasikiliza."

"Waambie watatu wanatosha tableti moja," nilisema. "Na wasichelewe."